Utando

Doonside, Jumanne, Juni 2016

Mama amepiga tena kuuliza narudi lini. Nikamwambia profesa wangu ameniongezea mwaka mwingine, nichunguze upya utando wa seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu. Una vishimo vidogo sana. Presha ikipanda vinakunjuka, seli inatanuka bila kupasuka.

"Utando wa buibui?" akasema. "Kwani ulienda Australia kusomea buibui?"

Nilicheka, halafu nikaudhika. Miaka minne namweleza, na mwenye presha ni yeye.

Viza yangu imefungamana na huyo profesa. Nikiacha, narudi mikono mitupu. Nikibaki, sijui kama nitamkuta Mama.

Mwishowe akauliza, "Na huyo buibui atakuachilia lini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.