Pengo la Mwaka Mmoja

Kilosa, Jumapili

Kaka Herman,

Shikamoo. Huku mvua imeanza, mahindi yanachipua vizuri.

Umeurudisha tena wasifu wangu wa kuombea kazi, nami nimechoka. Kwanza ulisema ni mrefu, kisha hauonyeshi matokeo. Nikaongeza jinsi kikundi chetu cha chuo kilivyowasaidia wauza nyanya wa Dumila kupunguza hasara. Sasa unasema, "Kampuni za ushauri hazipendi pengo. Mwaka ule ulioahirisha masomo, andika ulijitolea kwenye shirika."

Kaka, nilikuwa kijijini Ulaya, hapa hapa Kilosa, nikimuuguza mama. Wewe ulikuja kuzika.

Nimeandika hivi: "Nilimuuguza mama yangu hadi alipofariki." Nimeshautuma. Wanichukue au waniache.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Costancia