Nilimpa Baba Mkwe Mkono kwa Kiingereza

Mpendwa Bi Sabaha, shikamoo. Naomba unisaidie upesi, kwa maana kichwa kinanizunguka, furaha upande mmoja na woga upande wa pili, na hapa Nyanungu sina wa kumwambia ambaye si wifi yangu au shemeji yangu.

Nina miaka ishirini na miwili, nimeolewa na Tomaso mwaka wa nne sasa, na kwetu Wakurya, kama hujui, mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono hata siku ya sikukuu wala hawasalimiani ana kwa ana, mimi nikimwona mzee Waitara anakuja nilikuwa nazunguka nyuma ya ghala mpaka apite, na yeye akitaka maji anaagiza kupitia watoto. Zamani ilikuwa rahisi, boma lilikuwa kubwa, lakini tangu tuhamie kijiji cha ujamaa nyumba zimepangwa mistari na mlango wangu unatazamana na wake, sasa nizunguke wapi?

Basi kwenye darasa la watu wazima, mwalimu wetu Nashoni, ambaye si mtu wa huku, ameanza kutufundisha salamu za Kiingereza kwa sababu mwisho wa mwezi ujao wanakuja wageni wa ng'ambo kuangalia mradi wetu wa maji. Bi Sabaha, sijui nikueleze vipi, maneno yale yaliniingia damuni! Nilikuwa namwambia ng'ombe Good morning, naiambia sufuria, namwambia mtoto mgongoni. Siku ya mazoezi ya wawili wawili mwenzangu Felista hakuja, na aliyebaki peke yake ni mzee Waitara, ambaye kama mwenyekiti wa kijiji na yeye anasoma hapo, mwalimu akanipeleka mbele yake akasema, "Haya, salimianeni!" Najua ilinipasa kukimbia, lakini ulimi uliniwasha, nikanyoosha mkono nikasema kwa sauti, "Hello! How are you?" na mzee akaupokea, akajibu, "Fine, thank you, and you?" halafu akacheka, na mimi nikacheka! Kumbe ana pengo hapa mbele, miaka minne sikuwa nalijua.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anasimama mlangoni kwake anaita, "Good morning, Rhobi!" na mimi najibu, "Good morning, tata!" kwetu tata ni baba, na nakwambia ukweli nasikia raha, nasikia sasa na mimi ni mtu wa nyumba ile. Lakini mama mkwe, ambaye saa hizo huwa palepale mlangoni anapepeta ulezi, amenuna, hii ni wiki ya tatu, amemwambia mume wangu, "Wewe mura, mke wako amemshika baba yako mkono mbele ya watu! Bila mbuzi wa kusafisha hilo jambo, mimi chakula chake sili." Tomaso anasema niache darasa. Mwalimu naye anataka mimi na mzee tushikane mikono vilevile mbele ya wageni. Nikiacha darasa nitakufa kwa uchungu, nikikubali nitarudishwa kwetu. Nifanye nini mimi?

Rhobi, Nyanungu, Tarime

*

Marahaba, Rhobi mwanangu. Hongera sana! Barua yako nimeisoma nimesimama, na pale penye sufuria nilicheka peke yangu. Mtu anayependa kusoma namna hiyo haachi darasa. Mwambie Tomaso nimesema hivyo, na kama ana wasiwasi, nafasi ipo, aje akae dawati la nyuma asikilize.

Sasa kaa chini nikugombeze. Mwalimu ni mgeni, tumsamehe. Wewe si mgeni. Nani alikudanganya kwamba Kiingereza hakina adabu? Hello ni ya Felista, mtu wa rika lako mnayekutana njiani na madebe kichwani. Mzee ana yake, Good morning, Sir, na mgeni unayemwona mara ya kwanza ana yake, How do you do. Na mkono kwao mdogo hatangulii kuutoa, anangoja mkubwa aunyooshe. Kwa hiyo ulikosa kwa Wakurya na ulikosa kwa Waingereza, siku moja, kwa mkono mmoja!

Habari ya mkono na mzee iishe. Mbuzi amtoe yeye, kwani mkono aliupokea mwenyewe, na mwenyekiti mzima hakosi kujua mila. Tomaso aende kwa mwalimu amweleze, mwalimu hatakataa. Siku ya wageni mzee awapokee kwanza kama mwenyekiti, ndipo wewe na Felista msalimiane mbele yao mpaka waombe mrudie. Wakikupa mkono, upokee, hao si wakwe zako.

Hiyo Good morning ya kuitana mlango kwa mlango haijamgusa mtu, na mimi siikatazi. Lakini barua yako nimeirudia mara tatu, na kuna mtu mmoja sikuona akisalimiwa. Kila asubuhi salamu inatoka mlango huu inaingia mlango ule, inapita juu ya kichwa cha mama aliyekaa na ungo wake. Mume wake anacheka na mkamwana kwa lugha asiyoijua, na hakuna anayemgeukia. Wiki tatu, Rhobi! Wewe ungenuna siku ngapi? Mila anaijua na ana haki ya kuidai, lakini usiniambie kinachomuuma ni mbuzi peke yake.

Kesho vuka mapema, mzee akiwa bado ndani. Mpe mama shikamoo yake kamili, chuchumaa, shika ungo wa pili mpepete pamoja. Kisha mfundishe hayo maneno mawili ya Good morning, polepole, mpaka yamkae mdomoni. Mzee akifungua mlango, wewe nyamaza. Mwache mke wake aanze.

Bi Sabaha