Hakuna wa Kulala Juu ya Maitu

Jumatatu, 12 Januari 1959

Uzi unakatika tena. Sare za shule zinangoja na cherehani imeamua kunitia wazimu leo. Chumba ni kimoja hapa Makongeni: cherehani dirishani, jiko mlangoni, kitanda nyuma ya pazia, watoto chini ya meza. Nikinyoosha mguu nakanyaga mtu.

Kamau amerudi kazini akicheka peke yake. Ni karani kwa Mhindi wa mbao hapa Thika, na Mhindi huyo analala juu ya duka lake. Sasa mume wangu naye anataka kulala juu. Ametandaza karatasi juu ya kitambaa changu: nyumba ya ghorofa, kwenye shamba letu kule Murera. Chini mawe, juu mbao. Chini sebule, jikoni na chumba cha mama yake. Juu sisi na watoto. Ati watu wa Ruiru wataiona kutoka barabarani.

Nimesema ni nzuri. Ningesema nini, na uzi unakatika?

Jumapili, 18 Januari

Baada ya kanisa tulikwenda kijijini kumwona Maitu. Ni mama yake Kamau, lakini namwita Maitu kama mama yangu mwenyewe. Bado anakaa kwenye kibanda alichojenga serikali ilipotukusanya huko wakati wa Hali ya Hatari. Nyasi za paa zimeoza. Goti limevimba. Anainuka kwa kushika nguzo.

Miaka ile Kamau alipokuwa kizuizini, mimi na huyu mama tulilala kitanda kimoja na kula chungu kimoja. Wanjiru wangu, aliyepewa jina lake, alijifunza kutembea kwa kushika shuka lake. Mtu asiniambie ni mama mkwe tu. Nataka atoke humo kabla ya mvua ya Machi. Hilo ndilo ninalotaka mwaka huu. Mengine yatajipanga.

Jumamosi, 24 Januari

Siku mbaya.

Lori la mbao lilimleta Maitu Murera aone msingi. Fundi Onyango ameshachimba kote na ameanza na ngazi, maana Kamau ana haraka na ngazi yake. Vidato vitatu vya saruji vimesimama pale kiwanjani peke yake. Kamau alimwonyesha mama chumba chake, dirisha litakuwa huku, kitanda huku. Maitu alifurahi. Kisha akauliza, na ninyi mtalala wapi?

Kamau akaonyesha juu, mbinguni kabisa.

Maitu akatazama pale juu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu na mke wake walale juu ya kichwa changu?"

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Alijifunika kichwa kwa shuka, akarudi kwenye lori, akakaa mbele karibu na dereva bila kugeuka. Haiya! Na mimi mtoto wa Kikuyu, nimeolewa miaka yote hii, nilitazama ile karatasi na sikuona mwiko huo, mtu na mkewe kulala juu ya mama yake. Wala Kamau hakuona. Tulikuwa tunatazama madirisha.

Jumapili, 25 Januari

Maitu ametuma neno kupitia jirani yake wa kijijini. Haji. Na moto hatoi.

Kamau amekuja juu. Ati sisi ni Wakristo, ati kiberiti kinauzwa kila duka. Kelele tupu. Anajua vizuri kwamba kwetu nyumba mpya hailaliwi mpaka uletwe moto kutoka kwenye mafiga ya nyumba ya zamani. Moto wa mama. Kiberiti ni cha kuchemshia chai.

Amepiga kelele mpaka jioni, lakini chakula hakugusa.

Jumanne, 3 Februari

Tumegombana. Nilimwambia ajenge nyumba ya chini, mambo yaishe. Akasema nyumba ya chini kila mtu anayo, hata kuku anayo. Nikamwambia basi alale huko juu peke yake na mbao zake. Nilisema vibaya, lakini nilitaka kusema vibaya. Amelala amegeukia ukuta.

Jumanne, 10 Februari

Maitu ameanguka. Goti lile lile. Jirani alimkuta ameketi sakafuni, anachochea moto kana kwamba alikaa pale kwa kupenda.

Nilimwomba aje Makongeni. Akaniuliza atalala wapi, upande huu wa pazia au ule? Nimeogopa leo. Nimeogopa kweli kweli.

Jumamosi, 14 Februari

Leo nimefanya ujanja na sijuti.

Serah, rafiki yangu niliyebatizwa naye, ni yaya kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Mabwana zake wamejenga nyumba mpya na mimi nimepewa kazi ya mapazia. Wenyewe wako pwani. Nikamwambia Kamau vitambaa ni vizito, anibebee. Akabeba, mdomo ameuvuta.

Nyumba yenyewe! Ndefu, imelala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Sakafu moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Madirisha mapana, yanashuka mpaka karibu na magoti. Unatoka sebuleni na kikombe chako cha chai mkononi, uko veranda, uko kwenye nyasi, hujapanda wala kushuka. Kutoka jikoni nilimwona Wanjiru, tuliyekuja naye, akicheza uani na nilimwona vizuri tu nikiwa nimesimama kwenye sinki la watu. Serah anasema katika ile nyumba ya zamani alikuwa akipandisha maji ya kuoga na mtoto mgongoni, magoti yakilia. Sasa anasukuma tu kigari cha chai, anaimba.

Mimi nilikuwa namtazama Kamau. Alitazama paa. Akaigonga nguzo ya veranda kwa kidole. Akatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mikono nyuma, kisha akarudi tena polepole. Nje akasimama barabarani na kuitazama nyumba kwa mbali.

Njiani kurudi tulifika darajani. Ndipo akasema, kama mtu anayezungumza na daraja, kwamba zile mbao za juu zingetosha kuirefusha ya chini. Iwe ndefu kuliko zote za Murera.

Niliuma ulimi nisishangilie.

Jumapili, 22 Februari

Nimelia leo, nyuma ya choo cha kijiji, nisionekane.

Tulimpelekea Maitu mchoro mpya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeuchora, nikifuata nyumba ya Serah chumba kwa chumba. Hakuna ghorofa. Korido moja ndefu, vyumba huku na huku. Chumba cha Maitu nilikiweka karibu na chetu, akiugua usiku nimsikie. Niliona huo ndio upendo.

Akaukagua na kuniuliza mlango wake unatokea wapi. Kwenye korido. Na mlango wetu? Kwenye korido. Kwa hiyo asubuhi akitaka kwenda haja, akutane na mwanawe amejifunga blanketi? Na ukuta wetu ni mmoja?

Hapana, akasema. Pole pole, bila ukali. Hapana.

Nilimkasirikia. Huyu mzee anataka nini? Mvua haitamngoja. Kamau alikuwa na haki ya kunicheka lakini hakucheka. Alinibebea kikapu mpaka nyumbani.

Jumamosi, 28 Februari

Nimekwenda peke yangu. Sikubeba karatasi. Nilimwokotea Maitu kijiti, nikamwambia, haya, chora wewe.

Kwanza alikataa, ati yeye ni nani wa kuchora. Nikaendelea kumnyooshea. Akakichukua. Akachora mstari mrefu kwenye mchanga, nyumba yangu ile ile. Kisha akakitoa chumba chake karibu na chetu, akakipeleka mwisho kabisa, upande wa pili wa jikoni na stoo. Mlango wa korido akaufuta kwa kiganja. Akafungua mwingine, unaotokea veranda moja kwa moja, unaotazama jua likichomoza. Ndani akabonyeza mashimo matatu kwa kidole. Mafiga yake.

Nikamuuliza, na paa? Paa bado ni moja.

Akanishangaa. "Paa ni la mvua, mama. Nani amezungumza habari za paa?"

Ngai! Tulicheka mpaka akashika goti. Kumbe mwezi mzima ningempa kijiti tu. Nimerudi nikitembea kama msichana.

Jumatatu, 2 Machi

Fundi Onyango amesikia mpango mpya, kofia ikamwanguka kwa kicheko. Anasema kwao Nyanza wangemwambia hivyo hivyo, yeye alidhani sisi wa mjini tumeshaacha. Kitu kimoja hakubali: kuvunja vile vidato vitatu. Ati saruji imeshika, na yeye havunji kazi yake nzuri. Vibaki hapo uani. Kamau ametazama pembeni.

Ijumaa, 27 Machi

Ijumaa Kuu. Mvua imeanza jana usiku na haijanyamaza. Kuta zimesimama Murera, mabati bado. Kamau anazunguka chumba kama simba aliyefungiwa. Sote tunawaza kibanda kile.

Jumamosi, 4 Aprili

Paa la Maitu limeporomoka upande mmoja. Tulikimbia kwenye matope. Kitanda kimelowa, mahindi yamelowa, na yeye amekaa kwenye kigoda ameinamia mafiga, sinia kubwa mikononi, maji yanadondoka kwenye sinia na kwenye mgongo wake. Chini ya sinia moto unawaka. Mdogo, mwekundu.

Mwanawe akamwambia auache uzime, aje. Akamjibu, ukizima, atatupatia moto gani?

Kamau akatoka nje. Nilimwona amesimama mvuani ameshika uso. Kisha akapanda juu ya kile kibanda na turubai, akakaa akikifunga mpaka giza. Mimi nikashika sinia.

Jumamosi, 18 Aprili

Tumehama.

Maitu alikaa mbele kwenye lori, kigae cha chungu mapajani, makaa yamefunikwa majivu. Hakumpa mtu yeyote. Dereva alikohoa kutoka kijijini mpaka Murera, machozi yakimtoka, wala hakuthubutu kusema neno. Maitu alishuka mwenyewe. Akaingia jikoni kwangu kwanza, akapiga magoti, lile goti lake bovu, akawasha mafiga yangu. Akapuliza. Ukashika. Ndipo akatembea verandani na fimbo yake, sakafu sawa, hakuna cha kupanda, akaingia kwake na kuwasha wake.

Nilipoona moshi unatoka pande mbili za nyumba moja nililia kama mtoto. Kamau alisema ni moshi. Machozi yake yalikuwa moshi pia, basi.

Jumapili, 26 Aprili

Asubuhi baridi. Mvua imepumzika. Cherehani iko dirishani, na dirisha ni pana, na uzi haukatiki. Namwona kila mtu bila kuinuka.

Kamau amesimama barabarani tena, anaangalia urefu wa nyumba yake. Anajidai anatazama mifereji.

Maitu amefungua mlango wake mwenyewe, amekwenda uani, amekaa kwenye kidato cha kwanza cha ile ngazi isiyokwenda popote. Jua linampiga gotini. Anachambua maharagwe. Wanjiru amekaa cha pili, anamsukia kamba. Kidato cha tatu, kile cha juu kabisa, wamelala kuku.

Maitu ameniita nije nione. Ati mwambie mume wako, ghorofa yake imepata wenyewe.