Jeneza la Mgombea Kisimba

Jumanne, 5 Desemba 2023
Dada yangu Mbelu amefariki alfajiri. Tumemwacha mochwari. Binti yake, Joyeuse, analia kwa makelele, kama afanyavyo kila kitu. Mvua.

Jumatano, 6 Desemba
Jeneza limefika! Mbao nyekundu, vishikio vya shaba, na namba ya kura kwenye kifuniko. Limetumwa na Stany Kisimba, mgombea ubunge wa taifa. Huyu ndiye asemaye kwenye mikutano yake hapa Manika kwamba watu wa Kasai walikuja na treni, basi na warudi na treni. Baba yetu alikuja na treni hiyo. Mbelu alizaliwa hapa — na mwaka 1993, wenyeji walipotufukuza sisi Wakasai, alizika mtoto wake kando ya stesheni. Tulirudi baadaye.
Nimesema lirudishwe.

Alhamisi, 7 Desemba
Ugomvi matangani, mbele ya wageni. Nilisema mtu anayetafuta kura kwa majeneza hafai kututungia sheria. Katiba hajaifungua hata siku moja.
Joyeuse, ambaye huniita Tata, yaani baba, akanirukia: "Tata, weye unamuchukia juu si mutu wa kwetu! Mpoyi alitudanganya miaka tano, na ulimupigia kura mara mbili!"
Nikajibu kwamba Mpoyi, mbunge wetu wa sasa, angalau alisoma.
"Alisoma kutudanganya muzuri!" akasema jirani, Mama Ndaya. Wanawake wakacheka. Kwenye kilio!
Kweli, nilimpigia. Kwa sababu ni Mkasai. Hilo nitaliandika hapa tu.
Nikamwambia Joyeuse: ungekuwa umeolewa, mumeo angemzika mama yako. Nilikusudia imuume.

Ijumaa, 8 Desemba
Jeneza halikurudi. Wameshamlaza Mbelu ndani yake, bila kuniuliza mimi, mkubwa wa ukoo. Joyeuse: "Maneno yako haizikake mutu, Tata."
Mimi, mwalimu mstaafu, sina jeneza lingine la kutoa. Joyeuse anajua hilo.

Jumamosi, 9 Desemba
Ninaandika ndani ya gari, makaburini. Vijana wa Kisimba ndio waliochimba. Jeneza limeshashuka — wakaacha kufukia. Kisimba akachukua mikrofoni, mpole kama padri:
"Tata Kanyinda, bantu banasema weye ni tribaliste. Kuja utushukuru mbele ya bote. Mambo ya kabila tuizike leo na mama."
Eti mimi ndiye mkabila! Simu zote zikaelekezwa kwangu. Nikageuka, nikaingia garini.
Sasa vijana wamekaa juu ya kifusi, sepetu magotini. Wanasubiri. Mvua imeanza, maji mekundu yanateremkia kaburini. Kisimba ana mwavuli. Ananitazama, hana haraka.
Joyeuse amefungua mlango. Amelowa mpaka mifupani. Hapigi kelele safari hii.
"Tata, sema tu merci, aksanti tu. Mama iko analowana."
Nimemwambia afunge mlango, daftari linalowa.
Bado ameushika.