Nimeandika "Napenda Sana" Kila Mahali

Jumanne, 4 Septemba 2018

Maombi yamefunguliwa leo. Kendra, mwenzangu wa chumba bwenini, kanipiga na mto kabla sijafumbua macho vizuri — amka Lida, wamefungua, wamefungua! — kana kwamba mimi ndiye ninayeota hiyo Bustani ya michezo ya Florida usiku na mchana. Mwenye wazimu huo ni yeye. Alipelekwa huko na shangazi yake akiwa na miaka sita, akapigwa picha na mtu aliyevaa kichwa cha dubu. Picha iko ukutani juu ya kitanda chake. Dubu kachoka, ukimtazama vizuri.

Mimi nataka kuondoka tu. Naliandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu. Muhula mmoja, Januari hadi Mei: unafanya kazi Bustani, unalala kwenye nyumba zao, na chuo kinakuhesabia kuwa ni masomo. Nisipopata, nitarudi kwetu Wilber kwenye duka la mikate la mama, nikande unga saa kumi za alfajiri kama kila likizo tangu nilipoweza kuifikia meza. Na nikimaliza chuo, hivyo hivyo. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyeniuliza pia.

Nataka kuishi mahali ambapo hakuna mtu anayemjua bibi yangu. Basi.

Alhamisi, 6 Septemba

Tumejaza fomu. Kazi zimepangwa moja moja — kuuza bisi, kufagia, kuendesha vigari, kuvaa mavazi ya wanyama, kuokoa watu kwenye mabwawa — na kwa kila moja unachagua: Sitaki, Napenda Kiasi, Napenda Sana.

Kendra yumo kwenye kundi la waombaji kwenye simu. Maelfu ya watu wasiojuana, kutoka nchi nzima, na kila mmoja anajifanya anaijua Bustani kuliko wenye Bustani. Sheria yao ya kwanza: usiandike Sitaki. Ukiandika Sitaki hata mahali pamoja, umejikaanga kwa mafuta yako. Mchagua jembe si mkulima.

Kwa hiyo kufagia: napenda sana. Vyoo: napenda sana (hapo Kendra alisita kidogo). Kichwa cha dubu, na joto lile la Florida: napenda sana. Kuokoa watu majini: napenda sana.

Sijui kuogelea.

Kendra alicheka mpaka akalala chini. Akasema nisiwe na wasiwasi, kazi ile huwapa watoto wa pwani, nani atamchukua mtu wa Nebraska?

Kwetu hakuna anayeogelea. Mjomba Stan, mdogo wake mama, alikufa maji mwaka 1989 kwenye lile shimo la machimbo ya mchanga nje ya mji. Mimi sijazaliwa. Tangu hapo maji nyumbani ni ya kunywa na kuoshea vyombo. Wenzangu walipokuwa kwenye bwawa la mji kila kiangazi, mimi nilikaa kivulini na Babi, bibi yangu, tukila barafu ya sharubati. Sikulalamika. Barafu ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 13 Septemba

"Maombi yako yanashughulikiwa." Ya Kendra pia. Anafungua ukurasa ule kila baada ya kumeza mate.

Jumanne, 18 Septemba

Usaili wa simu. Nilijifungia chumba cha kufulia cha bweni, ndiko simu inakoshika vizuri. Kundi lilisema usikae, simama. Vaa viatu. Tabasamu muda wote, maana tabasamu husikika. Nikasimama na viatu vyangu nikitabasamia mashine ya kukausha nguo, ndani yake kuna jinzi ya mtu inagonga vifungo.

Mama mmoja anaitwa Patrice. Sauti tamu. Akauliza ningefanya nini mtoto akilia kwenye foleni. Nikasema ningechuchumaa, niwe sawa na macho yake. (Jibu la kundi.) Akafurahi. Akauliza, mgeni akiniuliza njia nisiyoijua? Nikasema sitamwambia sijui, nitamwambia twende tukaulize pamoja. (Kundi.) Akafurahi zaidi.

Kisha akauliza naonaje kuhusu maji.

"Napenda sana," nikasema. Mdomo ulishazoea.

Na kuogelea bila kupumzika, na kupiga mbizi kutoa kitu kizito chini ya bwawa, je, hayo naweza?

"Bila shaka."

Tukacheka wote wawili. Sijui yeye alicheka nini. Mashavu yananiuma mpaka sasa.

Kendra alifanya wake jana. Alitoka analia kwa furaha, anasema yule mama alimwita "mpenzi" mara nyingi sana. Mimi hakuniita mpenzi.

Jumapili, 30 Septemba

Nyumbani. Mahindi yanavunwa, vumbi mpaka kwenye meno. Nimewaambia. Nimesema huenda nikauza bisi.

Babi aliuliza kama huko kuna kanisa. Nikamwambia Florida nzima imejaa makanisa. Akaniuliza ya Wakatoliki? Nikasema yamo.

Mama alisema, "Bisi," kama mtu anayeonja chumvi, akaendelea kukata unga. Mama hana maneno. Ana mabega mapana kuliko ya baba wa watu, na mji mzima unasema ni ya kukanda unga. Alinifungia kolachi, vile vimkate vyetu vitamu, za plamu na za aprikoti nimpelekee Kendra. Mimi sikufungiwa. Mimi ni wa nyumbani, nitajijua.

Ijumaa, 12 Oktoba

Barua pepe zimekuja saa za mchana, tukiwa chumbani wote wawili. Laiti tusingekuwa wote wawili.

Ya Kendra ilifika kwanza. Wanamshukuru. Ushindani ulikuwa mkubwa. Wanamkaribisha kujaribu tena.

Yangu ikafika yeye bado ana simu mkononi. Hongera! Rangi rangi, nyota nyota. Na chini, kwa herufi za kawaida kabisa: Mwokoaji, bwawa la mawimbi.

Nilimwonyesha. Ningefanyaje? Alisoma, akasoma tena. Amekaa chini ya dubu wake.

"Hujui hata kuelea," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akavaa koti akatoka. Nilidhani hatarudi leo. Karudi giza limeingia na vifurushi viwili vya runza, ile mikate iliyojazwa nyama na kabichi, kimoja akakiweka kwenye meza yangu bila kunitazama. Tukala. Kabichi ilikuwa nyingi kuliko nyama. Alipozima taa, ndipo akasema gizani kwamba ananichukia kidogo, na kwamba itapita. Nikasema sawa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Kundi linasema utapimwa siku za mwanzo tu ukifika. Ukishindwa unarudishwa kwenu. Wengine wanasema hapana, unahamishiwa jikoni. Mmoja anasema rafiki ya binamu yake alirudishwa siku hiyo hiyo na sanduku lake hajalifungua. Hakuna anayejua.

Ningeweza kumpigia Patrice nimwambie ukweli. Kendra anasema nikimpigia watalifuta jina langu, hapo hapo. Labda. Lakini sababu yangu si hiyo. Sipigi kwa sababu wamenichagua. Watu hawajui natoka wapi, hawajui mama yangu anauza nini, wakanichagua. Haya, nimeliandika.

Nimebonyeza Nakubali. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, walisema wahenga. Hawakusema ni futi ngapi.

Alhamisi, 18 Oktoba

Kendra ndiye aliyeamua. Ataninoa yeye. Alijifunza mtaani kwao Omaha, kwenye bwawa ambamo watoto wakubwa walikuwa wanakutupa kisha wanakuhesabia. Nilimwuliza kwa nini ananisaidia. Akasema ikiwa nafasi yake imekwenda kwa mtu, basi mtu huyo asiende kuiaibisha.

Bwawa la chuo linanuka dawa na soksi. Nilishika ukuta muda wote.

"Unajikaza kama ubao, wewe," akasema. "Na ubao wenyewe unaelea!"

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimeelea! Kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba naelea.

Jumapili, 28 Oktoba

Chakula cha mchana nyumbani — nyama ya nguruwe, kabichi chachu, na madonge ya unga ya Babi. Mama alikuwa anapita nyuma yangu na sahani. Akasimama. Akainama, akanusa nywele zangu.

Mama si mtu wa kunusa nywele za watu.

"Bwawa," akasema.

Nikasema ni mazoezi tu, ya chuo. Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Babi akawa anakata donge lake vipande vidogo, vidogo zaidi, vidogo zaidi.

Wakati wa kuondoka Babi alinifuata mpaka kwenye gari na ndara zake za ndani. Akashika mlango nisiufunge. Akasema mambo ya maji nisiyalete mezani kwa mama yangu. Nikamwambia najua, kwa ajili ya Mjomba Stan. Akasema hujui.

"Walikwenda wawili," akasema. "Akarudi mmoja."

Kisha akanikumbusha taa moja ya gari haiwaki, akarudi ndani.

Miaka yote hii nilidhani mama alikuwa nyumbani siku ile. Sijui nani aliniambia. Labda hakuna aliyeniambia, nimejitungia mwenyewe. Nimeendesha mpaka chuo bila redio.

Jumatatu, 5 Novemba

Miguu sasa inafanya kazi. Mikono inafanya kazi. Pumzi ndiyo balaa. Navuta hewa, nazama, naitunza kama hazina, nikitoa kichwa hakuna nafasi ya hewa nyingine, nakunywa bwawa. Kila mara mahali pale pale, kabla ya katikati.

Leo Kendra alinipandishia sauti. Alisema ingekuwa ni yeye — akaacha hapo. Tukajikausha kila mtu upande wake. Baadaye aliniazima kofia yake ya sufu maana nywele zangu zilikuwa zinaganda njiani.

Picha ya dubu ameihamisha. Iko ndani ya kabati.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimempigia mama. Nimemwambia si bisi. Nimemwambia ni kazi gani, na kwamba sijui kuogelea, na kwamba nilimdanganya yule mama wa simu na yeye pia.

Nikasikia kengele ya oveni yake inalia. Inalia tu, na mama hana kawaida ya kuiacha ilie.

"Nina mikate," akasema, akakata.

Sasa sijui hata nataka nini. Nataka asinizuie. Nataka pia anizuie, yaishe. Naogopa. Sikuwa nimeliandika hilo bado.

Jumamosi, 10 Novemba

Naandika hapa hapa bwawani, kwenye benchi, kurasa zinalowa. Lazima niandike sasa.

Jumamosi duka la mama halifungwi. Jumamosi ndiyo siku ya duka. Leo tuko majini, mimi na Kendra, mlango ukafunguka, nikamwona mama na koti juu ya aproni, unga bado uko kwenye mikono, na boksi la kolachi. Akampa Kendra boksi. Akakaa. Nilimwuliza duka kaliacha na nani. Akasema kalifunga.

Kendra hakujua afanye nini, basi akaniambia niendelee. Nikaenda. Mahali pale pale, nikanywa maji, nikashika ukuta nakohoa. Nilipofumbua macho nikaona viatu vya mama, vile vyeupe vya dukani, ukingoni kabisa.

"Unaibana pumzi," akasema. "Itoe ukiwa chini. Yote. Usiogope kuimaliza. Halafu geuza kichwa, usikiinue."

Kendra alikuwa na kolachi mdomoni, akaacha kutafuna.

Nikajaribu. Nikaitoa yote chini ya maji, nikageuza kichwa, na hewa ilikuwapo. Ikawapo tena. Nikapita katikati. Nikafika upande wa pili, nikashika ukuta, nikaangalia nyuma sikuamini. Kendra anapiga makofi peke yake, jengo zima linaitika.

Mama hakupiga makofi. Alikuwa anatazama upande wenye kina, lile tofali la mpira la mazoezi lililo chini kabisa. Akamwuliza Kendra pale kuna futi ngapi. Kumi na mbili. Akaniuliza kama ndilo ninalotakiwa kulitoa. Nikasema la namna hiyo, ndiyo.

Nilisogea karibu, nikamwuliza nani alimfundisha. Alisema tu, bila kuniangalia:

"Kule kwenye shimo la mchanga nilifika chini mara mbili. Nilimgusa. Mara ya tatu pumzi ilikuwa imekwisha."

Nilishika kiatu chake, ndicho kilichokuwa karibu.

Kisha akamwuliza Kendra kama ana vazi la kuogelea la ziada. Kendra analo, la rangi ya machungwa, haliwezi kumtosha mabegani. Wamekwenda kubadilisha. Nawasikia kupitia mlango. Kendra anamwambia kamba hii inapita huku, mama. Mama anasema anajua inakopita.

Bado hawajatoka. Mimi nimekaa kwenye benchi na taulo, kwa sababu mama aliniambia nisiingie majini kabla yake.