Neno la Siri Nisilolijua Mwenyewe

Jumamosi, mjini Baraka. Asubuhi ziwa shwari, mchana upepo wa kutisha, na sasa jua limekwenda nyuma ya milima na ziwa limetulia tena kana kwamba si lenyewe lililokuwa likifanya fujo. Nimekaa mlangoni na simu mkononi, nacheka peke yangu. Jirani amepita, akarudi, akapita tena. Nadhani anataka kuuliza kama niko mzima.

Niko mzima. Nina furaha tu, tena ya kunifanya nirukeruke kama mtoto aliyepewa kiatu kipya, na sina pa kuimwaga isipokuwa hapa.

Nimefunga kalkuleta yangu kwa neno la siri, na neno lenyewe silijui.

Nianze vizuri. Mimi ndiye ninayehesabu mizigo ya boti ya baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu. Ni boti ya mbao yenye injini moja, inabeba watu na mizigo kutoka hapa hadi vijiji vya Ubwari. Nilisoma hesabu na fizikia Fizi-Centre, na nilipofaulu mtihani wa serikali baba mdogo alinunua mjini Uvira kalkuleta ile ya kuandikia programu, akaniletea ikiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Alizunguka nayo mtaa mzima kabla ya kunipa.

Nilipoanza kazi bandarini nikaiandikia programu. Unaingiza kilo za kila mzigo, unaingiza watu, nayo inajumlisha na kulinganisha na kikomo alichotuambia fundi aliyejenga boti. Ikiwa nafasi bado ipo inaandika SAWA. Ikizidi inaandika BASI. Haina maajabu yoyote, lakini bandarini imepata jina. Akina mama wanaofuata ndagala Ubwari, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, siku hizi wanaziacha boti nyingine na kuja kwetu. Hawapandi mpaka wamesoma kioo cha kalkuleta wenyewe. Kila asubuhi ni kelele ile ile: "Mashine inasema nini?"

Baba mdogo aliipenda sana mashine ilipomletea abiria. Ilipoanza kumrudishia mizigo, mapenzi yakapungua.

Wiki iliyopita aliazima kalkuleta kwangu, akasema anataka kuhesabu mabati ya nyumba yake. Alipoirudisha sikushuku kitu. Kesho yake tukapakia, mifuko ya simenti ikaingia, ikaingia tena, na mashine ikaendelea kusema SAWA. Niliona boti imekaa chini kuliko kawaida yake, lakini kioo kilisema SAWA, na mimi, msomi wa fizikia, nikakiamini kioo nikayaacha macho yangu.

Katikati ya safari maji yaliingia. Watu walichota kwa sufuria na kwa kandambili, wakatupa simenti ziwani, wakafika Ubwari wamelowa mpaka kifuani. Hakuna aliyekufa.

Nilipofungua programu nikakuta kikomo si kile nilichoandika. Namba ilikuwa imepandishwa. Fundi wa simu pale sokoni ndiye aliyebonyeza, najua, maana hakuna mwingine wa kuweza. Kubadili namba moja anaweza, kuandika programu nzima hawezi. Na aliyempelekea mashine sikuwa na haja ya kumuuliza.

Nikairudisha namba kimya kimya. Siku mbili hazikupita, baba mdogo akaniita pembeni. Hakuona aibu hata kidogo.

"Furaha, ile namba unairudisha chini juu ya nini? Ongeza kidogo. Simenti ya batu iko inangoja."

Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Ndiyo! Nilijichukia mpaka chakula kikakosa ladha. Lakini ningesema nini? Boti ni yake, mashine ni zawadi yake, ada yangu ya shule tangu baba afariki ilitoka mfukoni mwake. Mimi hapo nina vidole tu. Kwetu mtoto hamtazami baba yake usoni akamwambia hapana. Ninaweza kuwa mkali kwa wabeba mizigo wote wa Baraka, na wanajua, lakini mbele yake ulimi wangu unakuwa mzito.

Ndipo nikakumbuka kile kitufe chenye picha ya ufunguo mdogo.

Kalkuleta hii inakubali programu ifungwe kwa neno la siri. Na hapa ndipo uzuri wake ulipo: ukiifunga, mtu yeyote bado anaweza kuitumia, akaingiza kilo zake na kupata jibu lake. Kinachofungwa ni tumbo la programu. Bila neno, huoni kilichomo na hubadili kitu. Niliposoma hivyo nilipiga kofi ukutani kwa raha.

Kisha raha ikanywea. Neno nikiliweka mimi, baba mdogo ataniambia, "Fungua," nami nitafungua. Najijua.

Basi neno lisiwe langu.

Alhamisi nilikwenda kwa Tate Mwavita. Tate ndivyo tunavyowaita wazee wa umri wa babu na bibi zetu. Huyu ni mama aliyemzaa mke wa baba mdogo, mfanyabiashara wa ndagala, na siku ile ya maji alikuwemo kwenye boti. Nilimchagua kwa sababu yeye ndiye anayekaa juu ya ile mizigo. Na sitasema uongo, nilimchagua pia kwa sababu ni mama mkwe wa baba mdogo. Kwetu mwanaume habishani na mama mkwe. Hali chakula mbele yake, hapandishi sauti akiwepo, wakikutana njiani anampisha. Baba mdogo, ambaye bandari nzima inamsikia akikohoa, mbele ya Tate anaongea kama mtu aliyeko kanisani.

Nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza mambo ya mashine, ila sikumtaja aliyeongeza namba. Hakuuliza. Aliweka mchi chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ile maji nilikunywa siku ile inanitosha. Leta."

Neno linawekwa kwanza, ndipo programu inaandikwa. Nikamwonyesha herufi zilipo, nikamwambia zisizidi nane. Anasoma Biblia ya Kiswahili kila siku, kwa hiyo herufi hazimtishi, vitufe tu ndivyo vilivyomtisha. Akaniamuru nigeuke. Nikageuka nikatazama kuku wake. Niliwatazama kuku wale mpaka nikawajua tabia. Nyuma yangu nasikia kitufe, kimya, guno, kitufe. Aliponirudishia, vitufe vilikuwa na rangi ya kijani ya sombe.

Nikaandika programu upya pale pale jikoni, nikaweka kikomo cha fundi, nikakihakiki, nikatoka kwenye programu. Kisha nikajaribu kuifungua tena.

Ikakataa!

Nikajaribu jina la mume wake. Ikakataa. Majina ya watoto wake, kijiji alichozaliwa, YESU, NDAGALA. Ikakataa yote. Tate alicheka mpaka akashika ubavu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kushindwa.

Sasa leo.

Leo asubuhi simenti ilikuwa imepangwa mchangani tangu mapema, na akina mama wamekaa juu ya mabeseni yao wakisubiri kioo. Tulipakia, nikaingiza kilo moja baada ya nyingine, mashine ikaandika BASI huku mifuko kadhaa ikiwa bado chini. Baba mdogo akaja mbio akitabasamu lile tabasamu lake la wateja.

"Furaha, fungua, ongeza."

Nikampa mashine. Nilichosema kilikuwa kweli tupu, na ukweli mtupu una nguvu yake.

"Baba, imefungwa. Neno la kufungua, hata mi mwenyewe siijue."

"Nani anaijua?"

"Tate Mwavita."

Tate alikuwa hatua chache kutoka pale, amekaa juu ya beseni lake, anatazama ziwa kama mtu asiyehusika. Baba mdogo akageuza kichwa, akamwona, akateremsha macho papo hapo. Akavuta shati lake likae vizuri. Akasogea kidogo, akasimama, akarudi. Wabeba mizigo wakawa wanatazama miguu yao, mabega yanawatikisika. Mimi nilijiuma shavu kwa ndani.

Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo bandari haijawahi kuisikia, "Hiyo ingine ibaki." Mifuko ikabaki mchangani, akina mama wakapanda, boti ikaondoka. Nilitaka kucheza pale pale.

Mchana upepo ukavuma.

Ulikuja ghafla, ziwa likageuka jeusi, mabati ya bandarini yakaanza kupiga kelele. Furaha yote ikanitoka. Kikomo ni kikomo, lakini wimbi halisomi kioo. Nikajiuliza kama namba ya fundi ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikamwona baba mdogo amekaa kwenye ile simenti iliyobaki, simu mkononi, chakula hakigusi, hata aliyekuja kumdai alimpungia mkono tu aende. Alikuwa amekalia uzito ule ule aliotaka uwe ndani ya boti. Sidhani kama alikuwa na jambo jingine kichwani, maana alikuwa akiipapasa mifuko kwa kiganja.

Nikaenda nikakaa karibu yake.

Simu ilipoita aliidondosha, akaiokota, akaiweka sikioni ikiwa kichwa chini. Ilikuwa nahodha. Wamefika. Wimbi lilikuwa kubwa, wamelowa kidogo, boti ilipanda na kushuka vizuri, wote wako salama na Tate ameshaanza kugombana na wauza ndagala juu ya bei. Baba mdogo akasema, "Asante Mungu," mara nyingi, akainuka, akaenda nyuma ya kibanda cha mafuta. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Akaniomba mashine. Nikampa. Aliishika kwa mikono yote miwili, kama siku ile alipoileta kutoka Uvira, akaitazama sana bila kubonyeza kitu.

"Na Mama akisahau ile neno?"

"Basi ile namba haitabadilika tena, baba. Hata mi, hata fundi, hakuna."

Akanirudishia. Akatazama upande wa Ubwari.

"Basi asahau."