Gugu Lililobaki Ukingoni

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji na watoto hawajambo. Sisi miili ni mizima, ila mioyo iko juu juu. Mbwa akibweka tu, kalamu inaniponyoka.

Unalikumbuka lile gugu la maua ya buluu tulilokuwa tukiling'oa kwenye ngano utotoni? Kumbe limeadimika kila mahali. Juzijuzi walikuja watafiti wa mimea, wakapiga magoti ukingoni mwa shamba letu kama watu waliopoteza pete. Walisema linaishi kwa jembe: ardhi isipolimwa linakufa, na ikipuliziwa dawa ya magugu linakufa vilevile. Ombi lao lilikuwa dogo, kwamba tulime kama kawaida lakini ukingo ule tusiupulizie dawa.

Maneno hayo hayakufika mbali, dada. Uvumi ndio uliofika. Ikasemwa mashamba yatazungushiwa waya na sote tutafukuzwa kwa ajili ya gugu. Majirani wakaanza kumsaka aliyewaita wageni wale. Dereva wa trekta anayetulimia sote akaapa kwamba akimjua, atamlima yeye kabla ya shamba. Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajilazimisha kucheka nao. Na aliyefoka kuliko wote alikuwa baba watoto.

Sasa nikwambie, maana maji yamenifika shingoni. Niliyewaita ni mimi. Nililiona limechanua mashina machache tu, nikashindwa kulipita; nikawapigia watafiti niliowasikia redioni wakilitafuta.

Jana baba watoto alinikuta nalipalilia kwa vidole. Alinitazama, kisha akauliza, "Kumbe ni wewe?" Niliitikia kwa kichwa. Akaondoka kwenda kwenye mkutano wa majirani. Nikajua anakwenda kunitaja. Nilikaa jikoni, watoto nimewakumbatia, chungu kinaungua nami sisikii harufu.

Alirudi shati limechanika, mdomo umevimba. Amewaambia aliyewaita watafiti ni yeye.

Leo trekta halikuja kwetu. Baba watoto analima kwa jembe la mkono, na akifika ukingoni anapunguza nguvu. Anasema yatapita, wala nisiogope. Lakini nilipokuwa nafagia nimekuta shoka ameliweka chini ya kitanda, upande wake.

Mama usimwambie, moyo wake hauwezi. Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zangu. Tuombeeni.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba